Mwokaji Asiyeonja Mkate Wake

Ule mkate niliula. Nimeandika sentensi hiyo, nikanyanyuka kwenda kunywa maji, nimerudi nimeikuta bado ipo, basi naiacha. Katika ukoo wetu inajulikana kwamba mimi, mtoto wa kwanza wa baba, sikuwahi kutia kinywani hata chembe ya mkate wa mama yangu wa kambo. Habari hiyo imesimuliwa kwenye harusi na kwenye misiba, nikiwa nimekaa hapohapo, na kila mara niliinamisha uso kama askari mstaafu anayesifiwa kwa vita alivyopigana.

Kilichonishinda ni harufu. Nimefika umri wa daktari kunichagulia chakula, na daktari amesema mkate mweupe nipunguze. Basi nikanunua unga wa ndizi, ambao siku hizi unauzwa mjini katika pakiti nzuri kuliko ya sabuni ya kuogea, nikaukoroga na mayai na ndizi mbivu, nikausukuma ovenini hapa kwangu, mtaa wa Themi. Baada ya muda jiko likajaa harufu ya ndizi mbichi zilizokaushwa juani, moshi kidogo, na kitu kama gunia jipya. Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa na miaka minane tena, nimejificha nyuma ya pipa la maji, nikimchunguza mwanamke niliyeamini anataka kutuua.

Simu ililia mkate ukiwa bado ovenini. Nitaifikia hiyo simu.

Tuliishi mtaa wa Daraja Mbili, baba na mimi, baada ya mama yangu kufariki nikiwa mdogo mno kukumbuka zaidi ya kanga yake. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa. Siku moja alirudi kutoka safari za Kilimanjaro akiwa na mke, binti wa Machame, mrefu, mkimya, jina lake Anaeli. Mimi nilitakiwa kumwita mama. Nikaona njia bora ni kutomwita chochote: nilipomhitaji, nilikohoa. Nilikohoa muda mrefu hata jirani yetu akamshauri baba anipeleke kupimwa kifua.

Anaeli alijua kuoka. Zamani zile mkate wa dukani ulikuwa wa kubahatisha, na baba alikuwa mtu wa mkate. Basi Jumamosi mkewe alitandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sufuria ndogo yenye unga wa ngano uliokandwa na kuumuka, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu ya bati. Harufu ya hamira ilitoka mpaka barabarani. Watu walipunguza mwendo mbele ya mlango wetu bila kujua kwa nini.

Mkate ulipoiva, aliugeuza juu ya kitambaa, akaukatia baba, akanikatia mimi, akaufunika. Yeye hakula. Wala hakulamba kidole. Alingoja tumalize, kisha akachukua kutoka msumarini sufuria yake nyingine, ndogo, nyeusi, iliyofunikwa kitambaa chake, akaoka mkate wake peke yake. Huo ulikuwa wa unga wa ndizi, mfupi, mweusi, mzito kama tofali. Ulikuwa na chekeche lake na kisu chake. Siku moja nilichukua kile kisu nikatie mkate wetu mweupe, akaninyang'anya kwa haraka hata nikadhani amenikata. Hakunigombeza. Alikiosha kwa majivu, akakisuuza, akakiosha tena, akakirudisha mahali pake.

Lililonitia hofu kuliko yote ni jinsi alivyokanda. Kabla ya kufungua mfuko wa ngano alijifunga kitambaa puani na mdomoni, kama wale waliokuwa wakipuliza mrututu kwenye kahawa. Mrututu niliujua. Ni dawa, na dawa ya shambani ni sumu, hilo kila mtoto wa mlimani alionywa. Mtu anayejifunika pua mbele ya chakula anachowapa wengine anajua kitu kuhusu hicho chakula. Mpaka leo, na shahada zangu mbili, siwezi kuuona upungufu katika hoja ile. Ilikuwa hoja safi. Ilikosa ukweli tu.

Hayo niliyapeleka kwa Bibi, mama yake baba, aliyekuwa na shamba la migomba na kahawa kule Poli. Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu Meru halihitaji maelezo. Mwenye kumimina pombe ya ndizi hunywa yeye kwanza, funda moja, mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe. Huko ni kuondoa sumu. Bibi alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele na pombe hakuigusa, lakini desturi hiyo aliihamishia kwenye chai, makande, loshoro yetu ya maziwa mgando, mpaka maji ya kunywa. Hakuna aliyekula kwake kabla yeye hajaonja, na yeye hakula kwa mtu asiyeonja.

"Na huyo mama yenu," akaniuliza, "anaonja?"

Nikasema haonji, na mkate wake anaupika kando, kwa chombo chake.

Bibi aliacha kumenya ndizi. Alinifuta mikono kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, akaniambia nikirudi mjini nisiguse huo mkate, niupokee kwa adabu, nikaumwage kwa kuku. Nikaahidi. Nilikuwa nimechaguliwa kwa kazi kubwa, na mtoto aliyefiwa na mama hupenda sana kuchaguliwa.

Jumamosi iliyofuata nilipokea kipande changu kwa mikono miwili, nikaenda uani kwa kuku. Kilikuwa bado cha moto. Nilikimega kidogo nikitafuta sumu. Ndani kilikuwa cheupe na kimejaa vishimo, na mvuke wake ukanigusa uso. Kuku walinitazama. Nikasali sala fupi ya kuomba msamaha na nyingine ya kuagana na dunia, nikala. Kisha nikakaa juu ya jiwe kungoja kufa. Sikufa, nikajiambia ni sumu ya polepole, na kwa kuwa imeshaingia, haina maana kuanza kujinyima sasa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi zaidi ya mwaka mzima: nikiamini kwa moyo wote kwamba mkate unaniua, nikirudi mchana kuiba kipande kingine. Daima kulikuwa na kipande cha pembeni, kile chenye ganda gumu la kahawia, kimebaki nje ya kitambaa. Nilimwona Anaeli kuwa mzembe. Nilinenepa. Bibi alipoyaona mashavu yangu alisifu kuku wetu kwa mayai.

Krismasi tulipanda Poli. Anaeli wakati huo alikuwa na mimba ya mdogo wangu Elibariki, na alikuwa ameoka mkate mkubwa kuliko yote aliyowahi kuoka, akaubeba mapajani njia nzima. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya migomba. Aliukata, akaupanga kwenye sinia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

Bibi hakunyoosha mkono. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Onja kwanza, mwanangu."

Wazee wakaacha mazungumzo. Baba akaanza kukagua mti wa kahawa uliokuwa karibu yake kama mtu anayetaka kuununua. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Bibi. Anaeli alitazama sinia, akamtazama Bibi, kisha, kwa sababu ambayo sikuielewa, akanitazama mimi. Akachukua kipande. Hakukimega, alikila chote, taratibu, mpaka ganda, akameza.

"Karibuni," akasema.

Wazee wakala, wakasifu, wakaongeza. Hakuna aliyeumwa hata jino. Aliyeumwa ni yeye. Tukiwa njiani kurudi alimwomba baba asimamishe gari, akashuka, akainama kando ya barabara akiwa ameshikilia tumbo lenye mtoto. Alilala ndani wiki nzima, hata uji haukai tumboni, mpaka watu wakahofia mimba.

Habari zilipofika Poli, Bibi alishuka mwenyewe. Kwake lilikuwa wazi: sumu imemrudia mwenyewe. Wazee walipona kwa sababu chakula kiliombewa. Akataka Anaeli arudishwe Machame akipata nguvu, mtoto akizaliwa afuatwe. Baba, ambaye hakupenda maneno marefu, aliniita sebuleni. Mlango wa chumba cha Anaeli ulikuwa wazi nusu.

"Wewe umekaa na mkate huu kuliko sisi wote," akasema. "Mimi huwa safarini. Umewahi kuula, ukaumwa?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu la kweli lingemaliza kesi pale pale, maana nilikuwa shahidi mwenye mashavu. Lakini Bibi alikuwa amekaa mbele yangu na mikono yake juu ya mapaja, ile iliyonifuta vidole, na nilikuwa nimemwahidi.

"Sijawahi kuula, baba," nikasema. "Nawapa kuku."

Chumbani Anaeli alisikia kila neno. Ningetegemea apinge, maana nilikuwa nimejaza chembe kwenye mifuko ya gauni lililofuliwa na yeye. Hakupinga. Baba akasema yeye lori lake linabeba kahawa, halibebi mke kumrudisha kwao, akatoka nje. Hivyo Anaeli akabaki. Lakini mkate wa ngano hakuoka tena, na Bibi alikwenda kaburini bila kula kitu kilichotoka mkononi mwake. Elibariki alizaliwa mzima, mwembamba, mwenye tumbo la malalamiko. Bibi alisema ni ushahidi.

Nilikua, nikasoma, nikaenda chuo kikuu, nikaandika makala kali kuhusu watu wanaoamini ushirikina. Nikaanza kumwita mama, kwanza kwa barua, ambako ni rahisi, kisha kwa mdomo. Lakini kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niumalize wote: kila nilipokwenda kumsalimia, akanimiminia chai, nilikiacha kikombe kipoe. Nilikuwa naongea, nacheka, namtazama mkono. Nilikuwa nangoja anywe yeye kwanza.

Sasa simu. Ni Elibariki, aliyekuwa Moshi kwa vipimo, maana lile tumbo lake limemsumbua mpaka ndevu zikaingia mvi na limemshinda kila daktari.

"Dada, wameliona tatizo," akasema. "Ni ngano."

Nikamwuliza ngano imefanya nini.

"Mwili wangu hauitaki. Chapati, maandazi, mkate, hata vumbi lake. Lina jina refu la kizungu, sijalishika. Daktari kaniuliza nani mwingine nyumbani yuko hivi, kwamba linafuata damu. Nikamgeukia Mama, nimekuja naye. Dada, yuko hapa anacheka mpaka anafuta machozi. Anasema yeye alijua toka msichana, na mama yake pia. Subiri, anataka simu."

Nilikaa chini. Oveni ilikuwa inanuka ndizi. Vilipita mbele yangu vyote, kile kitambaa puani, kile kisu kilichooshwa mara mbili, lile sinia, na yule mwanamke mjamzito aliyekuwa anajua hasa kitakachompata, akala mpaka ganda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia mambo ya mdogo wako?"

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimeolewa na tumbo bovu? Nilikuwa mgeni. Wangenirudisha kwa ugonjwa badala ya uchawi, safari ni ileile." Akacheka kidogo. "Na baba yako alipenda mkate."

Ndipo sentensi ile ikanitoka. Nilimwambia kwamba niliula, kila Jumamosi, na siku ile sebuleni nilidanganya.

"Kwani mimi sikujua?" akasema. "Kile kipande cha pembeni kilichokuwa kinabaki nje ya kitambaa, ulifikiri nasahau kukifunika?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja, na mlango ulikuwa wazi, na neno moja lingemwokoa.

"Ningekutaja, Bibi yako angekuacha. Ulikuwa na nani mwingine? Mimi ulikuwa unanikoholea tu."

Nilisikia Elibariki akiuliza kunani, naye akimwambia anyamaze, wanawake wanaongea. Kisha akanusa, kana kwamba harufu inapita kwenye simu, akaniuliza nafanya nini saa hizi. Nikamwambia naoka. Akauliza ni unga gani, nikamtajia.

"Chekeche lako umechekechea ngano?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi huo kula mwenyewe. Kesho nunua chekeche jipya, uoke mwingine, utuletee mimi na mdogo wako." Nilijua bila kumwona kwamba anatabasamu. "Ila ukifika uonje kwanza. Nikiwa nakuona."