Ngata ya Sponji

Wewe unayemuuguza mtu asiyeweza kujigeuza, kaa hapa karibu nikueleze jambo. Mimi nilianza kwa kulijua vibaya, na maumivu yake aliyabeba mama yangu mzazi.

Nilikuwa muuguzi mgeni kazini, katika hospitali moja upande wa Masasi, wakati ule maduka yalipoanza kujaa tena. Tulikuwa tumezoea rafu tupu. Ghafla zikaja sabuni za kila rangi, na magodoro ya sponji yamefungwa kamba juu ya malori. Nilinunua moja nikampelekea mama kijijini Mkunya, huko Newala. Alilibonyeza kwa kidole, likainuka, akacheka.

"Hili linapumua! Nikilala litanimeza."

Akaendelea kulala kwenye kitanda chake cha kamba. Godoro likabaki limeegemea ukuta, na nailoni yake juu.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuokota korosho, alianguka shambani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote na karibu maneno yote. Niliomba likizo, nikalivua godoro nailoni, nikamlaza chali. Siku ya tano nilipokuwa namwogesha, niliona mahali mwisho wa mgongo, pale mfupa ulipo karibu na ngozi. Palikuwa peusi kuliko pembeni, na panang'aa. Nilipagusa nikakuta pana joto.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amesimama na beseni la maji.

"Godoro linamla mfupani," alisema. "Mfanyie ngata."

Kwetu juu uwandani maji yalikuwa mbali, chini bondeni. Wanawake waliyapandisha kichwani, na kati ya kichwa na ndoo waliweka ngata, duara la khanga kuukuu lililosokotwa. Mama alikuwa ameyapandisha tangu utoto, hata nywele za utosini zilikuwa zimepungua. Kama ngata iliokoa kichwa, kwa nini isiokoe kiuno? Nilichukua kisu cha jikoni, nikakata kona ya godoro, nikachonga duara lenye tundu katikati, nikaliweka chini yake ili pale penye joto pakae juu ya tundu, pasiguswe na kitu.

"Ndiyo maana tulikusomesha, nesi wetu!" mama mdogo alisema. Nilifurahi, siwezi kukuficha.

Jioni hiyo mama akaanza kusema neno moja.

"Nitue."

Ndivyo anavyosema mwanamke akifika uani na ndoo kichwani, ili aliye karibu amsaidie kuishusha.

"Huyo yuko kisimani," mama mdogo alisema, anacheka huku machozi yanamtoka. "Dada, maji umeshafikisha. Pumzika."

Nami nikamjibu kwa sauti ya kumbembeleza. "Nimeshakutua, mama. Ndoo iko chini."

Alinitazama, akarudia. "Nitue."

Siku nane alilisema, na siku nane nilimjibu vilevile. Nilidhani akili imemtoka. Muda wote huo nilimpangusa mbele tu, nisilisogeze duara. Siku ya tisa nilisikia harufu. Nilipomgeuza, ngozi ndani ya lile tundu ilikuwa imefunguka, na kidonda kilikuwa kimechimba kwenda chini kuliko nilivyothubutu kutazama.

Tulimpeleka hospitalini kwangu. Mkuu wa wodi alikuwa mama mtu mzima, ndiye aliyenifundisha hata kufunga bandeji.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Hii nini?" Alikuwa ameshika duara langu.

Nilimweleza. Hakunigombeza. Alichukua uzi, akaufunga kwa nguvu chini ya ncha ya kidole changu, tukatazama ncha ikivimba na kubadilika rangi.

"Hii ncha imeguswa na nini?"

"Haijaguswa, sista."

"Mbona inaumia?" Akafungua uzi. "Duara limebana pembeni, damu haifiki katikati. Na ngata ni ya safari moja tu, mwanangu. Mtu akifika, hutuliwa. Wewe mama yako hukumtua."

Hakuwa amemsikia mama akisema lile neno. Nilitoka nje.

Niliporudi, alikuwa amesafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kutoka kwenye boksi la msaada alitoa bandeji za sponji, vipande laini vyenye gundi pembezoni. Alichagua kilichozidi ukubwa wa kidonda pande zote. Alinieleza kwamba sponji hiyo hunyonya majimaji bila kukausha nyama, na ukiibandua hairarui kama shashi kavu. Kisha akabandika nyingine kwenye visigino, palipokuwa pazima.

"Sista, huku hakuna kidonda. Si tunaziharibu?"

"Huku ndiko bado tuna cha kuokoa. Ila sponji haimgeuzi mtu. Utamgeuza wewe."

Tukaanza kumgeuza: ubavu huu, ubavu ule, mto mgongoni, mwingine chini ya miguu ili visigino vielee. Tangu siku hiyo mama hakusema tena "nitue." Hapo nikajua kwamba akili yake haikuwa imekwenda popote. Alikuwa ananiambia, kwa neno pekee alilobaki nalo, kitu cha kufanya.

Visigino vyake vilibaki vizima mpaka alipofariki, mvua zilipokolea. Kidonda cha mgongoni kilipungua, lakini hakikufunga.

Nimebandika bandeji za sponji nyingi tangu wakati huo, na kila ninapoinua ukingo namsikia mama. Hata leo, mwanamke nisiyemjua akisema "nitue" huko Newala, naacha nilichoshika nakwenda.

Usiogope, utaweza. Usimwekee duara la aina yoyote. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Kila siku inua ukingo wa bandeji utazame chini yake, kisha uurudishe, na kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: gusa kwa mgongo wa mkono, na ukikuta pana joto au pagumu kuliko pembeni, usimlaze tena upande huo mpaka papoe.