Udi wa Bi Salma

Mwaka ule wa mvua za El Niño nilitoka kwetu Voi kwenda Mombasa kwa sababu ya kigoda. Baba, aliyekuwa mgonjwa, alikuwa amekigeuza kikatazama barabara, na kila jioni alikaa hapo. Miaka kadhaa nyuma mdogo wangu Wakesho aliolewa Mji wa Kale bila baraka zake, naye Baba akaapa hatamtaja tena. Kweli hakumtaja. Lakini mimi nilikiona kigoda, nikaapa vilevile: sirudi bila Wakesho.

Alfajiri nikapanda basi. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Mazeras tulikwama, nikashuka nikasukuma pamoja na wanaume, matope hadi magotini. Kibarani harufu ya jalala ikatupokea kabla ya mji wenyewe.

Adhuhuri nilipiga hodi kwenye kichochoro kimoja, nyuma ya Ngome ya Yesu. Mama mkwe wa Wakesho, Bi Salma, alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Watoka Voi na mvua hii? Kaa kitako."

"Ahsante, mama. Nimekuja kumchukua Wakesho. Baba ni mgonjwa."

"Amemwita?"

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Hajamwita. Amegeuza kigoda kikatazama barabara."

Wakesho, aliyesimama mlangoni, akaanza kuviringisha pindo la leso kidoleni, kama alivyofanya utotoni alipotaka kitu asithubutu kukiomba. Niliona. Bi Salma naye aliona, akaenda jikoni.

Baada ya kahawa na haluwa, Bi Salma alileta chetezo akanifukiza udi. Nikafurahia heshima ile, nikaegemea mto vizuri zaidi. Wakesho akaninong'oneza, "Dada, huku mgeni akifukizwa udi, ndiyo anaagwa."

Nilipandwa na haya na hasira kwa pamoja. Kumbe natolewa nje kwa manukato! Basi sikuinuka. Nilikunja miguu, nikakaza uso.

Bi Salma alinitazama, akacheka. Akapeleka chetezo chini ya leso ya Wakesho. Kisha akakiweka sakafuni, akavaa buibui lake, akasimama juu yake mpaka moshi ukatokea shingoni.

"Mke wa mwanangu hendi kwao peke yake, asije akaonekana katoroka," akasema. "Inuka basi. Twenda sote."

Kesho yake alasiri tulifika. Baba alikuwa pale pale. Tukasimama mbele yake, nami nikatazama mikono yake, maana kinywani nilijua hakitatoka kitu. Akainuka kwa shida. Akapangusa kigoda kwa shati lake, akakisukuma kwa Bi Salma.

Bi Salma akaketi. Wakesho akaangua kilio, na Baba akamshika kichwa.

Tangu safari ile, mtu akininyima jibu siondoki upesi. Kwanza namtazama mikono. Na asubuhi ya pili baada ya kufika kwetu, nilipofagia uwanja, nilikuta kigoda kimegeuzwa, kinatazama nyumba.