Dereva Aliyefundishwa na Mama Mkwe

Tairi lilipasuka Kikatiti, Jumapili, mbele za watu. Kama lingepasuka porini Ndesanjo angejua la kufanya: angekaa kando ya njia akasubiri msamaria. Lakini lilipasuka pale pale barabara kuu ya Moshi, penye maduka, saa ambayo watu wametoka kanisani na hawana haraka ya kwenda popote.

Akashuka. Akalizunguka gari. Akalitazama lile tairi la nyuma lililolala chini kama chapati, akalipiga teke kidogo kama alivyowaona wengine wakifanya. Kisha akaenda mbele akafungua boneti.

"Mzee, si tairi limepasuka?" mtu mmoja akamwuliza. "Huko mbele unatafuta nini?"

Akaifunga boneti polepole. Hapo ndipo mshtuko ulipompata sawasawa. Yeye Ndesanjo, dereva wa miaka kumi na tisa, hakuwahi kubadilisha tairi hata siku moja.

Msimcheke kabla hamjasikia. Shirika la umma alilolitumikia lilikuwa na karakana yake, mafundi wake na stoo yake. Tairi likichoka, karani alijaza fomu, na kesho yake gari lilirudi limevaa jipya. Dereva aliyethubutu kushika spana aliandikiwa barua ya onyo, kwa kuingilia kazi ya mwenzake. Kazi ya Ndesanjo ilikuwa kuvaa shati jeupe, kumfungulia mkurugenzi mlango na kufika salama, na aliifanya vizuri mno. Mwaka 1994 shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na sehemu ya kiinua mgongo chake akapewa Landrova kuukuu. Majirani zake wa Sokon I, pale Arusha mjini, wakaja kumpongeza: dereva kapata gari, sasa amefika! Kumbe walikuwa wanampongeza mtu aliyepewa ng'ombe na hajui kukamua.

Jumapili hiyo alikuwa anamrudisha mama mkwe wake kutoka kwenye kipaimara cha mjukuu. Mama mkwe alikaa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi, maana kwao mlimani mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega wala hawali wakitazamana. Neno likiwapo, hupitia kwa mtu wa tatu. Wa tatu alikuwa Prisca, mke wa Ndesanjo.

"Prisca," mama mkwe akaita, ameshashuka, macho kayaelekeza upande wa maduka, "mwulize jeki iko wapi."

"Baba Nice, jeki iko wapi?"

"Sidhani kama gari hili lina jeki."

"Mwambie anyanyue kiti alichokalia."

Jeki ilikuwapo, pamoja na spana ya magurudumu. Alikuwa ameikalia miezi minane! Yule bibi wa miaka sitini na ushee akavua viatu vyake vya kanisani, akavipanga kando, akajifunga kitenge kiunoni. Akalegeza nati kwanza, gari likiwa bado chini, kwa kuikanyaga spana na kisigino. Ndipo akaweka jeki na kufunga tairi la akiba. Umati ukasogea karibu. Alipomaliza na kuomba maji ya kunawa, mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Ndesanjo alitamani ardhi ipasuke immeze, boneti na yote.

"Wewe ulijua?" akamwuliza mkewe walipofika nyumbani.

"Nilijua nini?"

"Kwamba mama yako ni fundi!"

"Si alifanya kazi gereji ya shamba la kahawa, lile la walowezi, baada ya baba kufariki? Miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kuosha matrekta." Prisca akaendelea kuchambua mchele. "Hukuuliza."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Miaka kumi na saba ya ndoa, na kumbe fundi alikuwa akimkaribishia bakuli la loshoro ya maziwa mgando kila Krismasi!

Mshangao huo ungeishia hapo kama si shida. Shamba jipya la maua, chini ya Tengeru, lilikuwa linatafuta gari la kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni, mkataba wa mwaka mzima. Ukaguzi wa magari ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Landrova ilivuja oili, breki zake zilikuwa za kubembeleza, na matairi yote manne yalikuwa vipara. Mafundi wa mjini walishamjua: akipeleka breki, wanakuta na rejeta imeharibika. Akikosa mkataba ule, ingebidi auze gari na kurudi Machame, mtu wa miaka arobaini na sita, akawaombe ndugu zake kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo. Wazo hilo lilimkosesha hamu ya kula. Mficha uchi hazai, akajiambia, akamtuma Prisca kwa mama yake.

Jibu likarudi siku hiyo hiyo: alete gari kwake Akheri, na aje na nguo chafu.

Majirani aliwaambia anakwenda kusaidia kupogoa kahawa. Kule juu, katikati ya migomba, masomo yakaanza, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufundishwa ufundi namna ile. Mama mkwe alisimama upande mmoja wa gari, mkwe upande wa pili, na Prisca katikati akipeleka maneno huku na huku.

"Mwambie apime oili asubuhi, kabla gari halijawashwa. Apanguse kijiti kwanza, ndipo akirudishe akitoe tena."

"Umesikia, Baba Nice?"

"Nimesikia. Mwulize kama nyeusi ni mbaya."

"Mwambie aishike kwa vidole. Ikikwaruza kama mchanga, amwage."

Ilikwaruza. Akamwaga. Akajifunza kubana mkanda wa feni, kusafisha plagi kwa brashi ya waya, kupaka grisi, kutoa hewa kwenye breki huku Prisca akikanyaga pedali. Kila alipojilaza chini ya gari, mama mkwe aligeuka akatazama kahawa yake, kwa sababu si heshima kumwona mkweo amelala chali miguu nje. Aliendelea kufundisha akiwa amewapa mgongo. Alisikiliza tu. "Mwambie hiyo nati ameivusha uzi," aliweza kusema bila kugeuka, na kweli nati ilikuwa imeingia upogo, haikufuata uzi wake. Ndesanjo alishtuka kila mara, hakuzoea.

Jumanne wakaenda mjini kutafuta matairi. Zamani tairi ulilipata kwa kibali na kwa kumjua mtu. Sasa soko ni huria, na kule Unga Limited matairi ya mtumba yalipangwa kando ya barabara mpaka mtu akakosa pa kupita. Mfanyabiashara mmoja kijana, Rodrick, akawaonyesha manne yanayong'aa, kashata zake, yale meno ya kukamatia barabara, ndefu kama za tairi la dukani, bei ya kutupa. Ndesanjo akafurahi, mkono ukaenda mfukoni.

Mama mkwe alikuwa kasimama ng'ambo ya barabara. Akamwita Prisca, Prisca akavuka, akarudi.

"Baba Nice, anasema ingiza kidole chini ya mfereji wa kashata. Uzipapase."

Akaingiza. Kitu kikamkwaruza. Akainama, akaona nyuzi za ndani za tairi zimechungulia. Yale yalikuwa matairi yaliyokwisha kabisa. Mtu kayachonga upya kwa kisu cha moto, akayapaka rangi nyeusi.

"Yangenipasukia nikiwa na watu ishirini!" Ndesanjo akafoka. Aliwaona kabisa hao watu ishirini.

"Mzee, mimi nauza tu," Rodrick akasema, akimwangalia yule bibi wa ng'ambo. "Yule mama ni nani?"

Bibi akavuka barabara mwenyewe. Hakumsemesha mkwe wala muuzaji. Akapita kati ya matairi, akiyakunja kingo, akiyanusa, akipitisha kiganja ndani kutafuta viraka na uvimbe. Baada ya muda mrefu akayagonga manne kwa kidole. Yalikuwa mabaya ya sura, yamepauka, mawili ya kampuni hii na mawili ya kampuni ile. Lakini yalikuwa mazima, na Rodrick, kwa aibu au kwa hofu, akayatoa kwa bei ndogo kuliko yale ya kuchongwa.

Jumatano mchana wakayafunga kule Akheri. Matatu yalikwenda vizuri. La nne, la nyuma kushoto, Ndesanjo akalipachika, akazungusha nati kwa mkono, na mama mkwe, amegeukia kahawa, akasema, "Mwambie akishashusha jeki akaze tena, kwa kukanyaga." Wakati huo huo ng'ombe wa mama, mwenye mimba pevu, akajinasa kamba shingoni akaanza kukoroma. Prisca akatupa kitambaa akakimbia bandani, na maneno akaenda nayo.

Kwa makelele yale Ndesanjo alisikia tu kwamba mama mkwe amesema kitu. Angeweza kuuliza. Ingekuwa hatua tatu tu kuzunguka gari. Lakini mtu hamwendei mama mkwe wake na kumwuliza ana kwa ana, mikono ina grisi na suruali imeshuka. Akashusha jeki, akakusanya vyombo. Naye mama, aliyekuwa akisubiri kusikia spana ikilia, akadhani makelele ya ng'ombe ndiyo yameizidi. Kugeuka aone hakuweza. Heshima ilikuwa imewasimamia wote wawili.

Alhamisi asubuhi wakateremka wawili tu. Prisca alibaki na ng'ombe. Mama mkwe alikaa nyuma, akitaka kushukia Tengeru na maparachichi yake. Gari lilikimbia vizuri, na Ndesanjo, kwa mara ya kwanza tangu shirika life, akaanza kupiga mluzi.

Kwenye mteremko akaona gurudumu linampita. Liko peke yake, kushoto, linaruka ruka mbele yake kwa furaha, na akawahi kuwaza: masikini, limemtoka nani?

Kisha gari likainama.

"Ndesanjo!"

Hajawahi kuisikia sauti ile ikitamka jina lake. Hata mwenyewe hakujua kama mama mkwe analijua.

"Ndesanjo, usikanyage breki! Rudisha gia! Lalia ukingo wa juu, wa juu!"

Akarudisha gia. Akaulalia ukingo. Chuma kikaburuta barabara kwa kilio kilichowatoa watu majumbani, maparachichi yakamwagika, na gari likasimama likiwa limeegemea udongo. Ng'ambo ya pili kulikuwa na bonde. Ndesanjo alibaki ameshika usukani.

Mama akaja dirishani kwake. Damu kidogo ilimtoka kwenye kiwiko. Wakatazamana usoni, jambo ambalo halijatokea tangu siku ya mahari.

"Hukukaza," akasema.

"Sikukaza, mama. Sikujua."

"Na mimi sikugeuka kutazama." Akashusha pumzi. "Ukaguzi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi shuka. Tutaomba nati kwa magurudumu mengine, moja moja."

Watu wa Akheri wakaona kioja siku hiyo: mama na mkwewe wamepiga magoti bega kwa bega kwenye vumbi, wakipokezana spana, wakizungumza kama watu wa rika moja. Gurudumu lilirudishwa kutoka kwenye kahawa ya jirani. Nati zake tano hazikuonekana. Wakatoa moja kwa kila gurudumu, wakapata tatu, na mama akakagua kila moja kwa kuisukuma na kisigino. Tengeru hakushukia tena; maparachichi yenyewe yalikuwa yamebondeka.

Msimamizi wa magari pale shambani, Ephraimu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akasugua oili kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali. Akaingiza kidole kwenye kashata. Akakanyaga breki. Kisha akachuchumaa akahesabu nati. Nne. Nne. Nne. Tatu.

"Nyingine zimekwenda wapi?"

Njiani Ndesanjo alikuwa ametunga uongo mzuri kuhusu wezi. Madereva wengine walikuwa wamesimama hapo, wawili kati yao aliwahi kufanya nao kazi shirikani.

"Nilifunga tairi jana nikasahau kukaza," akasema. "Leo limetoka likiwa kwenye mwendo. Nimeendesha miaka kumi na tisa, lakini ufundi nimeuanza wiki iliyopita."

Mmoja wa wale madereva akacheka. Ephraimu hakucheka.

"Kanunue nati tano. Nakufungia geti saa sita."

Akazipata Tengeru. Alirudi saa sita kasoro dakika chache, jasho linamtoka. Akapiga magoti mbele ya watu wote akazikaza moja moja, ishirini nzima, na safari hii mama alisimama nyuma yake akitazama mpaka ya mwisho.

Ephraimu akatoa fomu ya mkataba, akaiweka juu ya boneti.

"Mwenye gari?"

"Ndesanjo Urio."

"Dereva?"

"Mimi huyo huyo."

"Fundi wa gari hili?"

"Ni huyu mama yangu," Ndesanjo akasema kwa sauti, akimwonyesha kwa mkono mzima. "Ndiye amefanya kila kitu ulichokikagua."

Madereva wakageuka kumtazama yule bibi mwenye kiwiko kilichochubuka. Ephraimu naye akamtazama, akanyanyua nyusi, akaishusha kalamu kwenye karatasi.

"Jina lake?"

Ndesanjo akafungua mdomo. Mama Prisca. Mjane wa Mzee Yona, ndivyo kadi ya harusi ilivyoandikwa. Bibi wa Akheri. Akatafuta zaidi ya hapo, akatafuta tena, jina hakulikuta. Miaka kumi na saba amekula chakula cha mkono wake. Asubuhi ile ameokolewa na sauti yake.

Kalamu ilikuwa inasubiri. Akamgeukia, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama," akasema, "nisamehe. Unaitwa nani?"