Uso wa Msemaji

Alphonse alikuwa mtu wa tumbo, na Lubumbashi tumbo ni cheo. Kila ukoo wao ulipokwenda kuposa, yeye ndiye aliyesimama kusema: maneno matamu, mashavu yamejaa, wakwe wakijiambia hawa si watu wa njaa. Kisha sukari ikampanda, daktari akamwandikia sindano ya kila wiki, na ndani ya mwaka kilo thelathini zikaenda zake. Afya ikarudi. Uso tu ndio uliobaki ukining'inia kama shati la kuazima.

Mdogo wake Clovis alimjia nyumbani kwake, mtaa wa Makomeno, Jumapili moja, macho chini. Mwanawe Franck alikuwa anataka kuoa.

"Yaya, kaka yangu, usikasirike. Mali ya Franck, ile mahari, ataipeleka ndugu yetu Mukuka, na yeye ndiye atasema. Bakwe bakikuona hivi, batasema tunabaletea mugonjwa."

Ilimuuma, jamani! Yeye aliyewaposea ndugu wote, huyo Mukuka mwenyewe akiwamo, leo akae nyumbani? Akachukua kwa siri mafuta ya mkewe ya kung'arisha ngozi, maana mjini weupe nao huhesabiwa shibe. Wiki haikuisha, mashavu yakawaka na kuchubuka.

Mkewe Wivine alicheka kidogo, kisha akamkokota hadi kwa Gaëlle, fundi wa kutunza ngozi ya uso.

"Papa, hii pomade unatupa leo," Gaëlle akasema. "Ngozi iko na kiu. Sabuni laini, crème ya kulainisha asubuhi na magaribi, crème ya kukinga jua. Na ukule mayai na maharagi, hata sindano ikikuondolea njaa."

Majirani walimcheka, mzee mzima na vikopo vya krimu! Akaziba masikio. Kinyozi akampunguzia ndevu zikafunika kidevu kilicholegea. Mwezi wa tano wa krimu hizo Clovis alipita, akamtazama, akakohoa. "Yaya, utasema weye."

Siku ya mali Alphonse alisimama wima, uso unang'aa. Hajafungua kinywa, mjomba wa binti, Mzee Ntumba, akafoka:

"Munatuzarau? Tunaomba mukubwa wa famille, munatuletea kijana!"

Clovis alicheka hadi machozi. Alphonse akatoa kadi yake ya uchaguzi. Ntumba akasoma mwaka wa kuzaliwa, akausoma tena, akamvuta karibu.

"Mukwe," akanong'ona, "nani anakutengenezaka huu uso?"

Alphonse akageukia watu wote, akapaza sauti:

"Mutupe kwanza muke wa Franck. Jina la fundi wa uso nitakuambia kisha, Mzee!"