Aliyeitoa Ile Disketi

Usinicheke kabla sijamaliza. Sinywi pombe, sitafuni miraa, na maisha yangu yote nimefanya kazi na kompyuta, vitu visivyojua utani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Jumapili moja miaka ya tisini, nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Dallas, pale Embu.

Wakati huo nilitunza kompyuta kuu ya hospitali moja ya misheni huko Meru. Ndani yake nilikuwa nimefunga kadi maalum, yenye betri yake na laini yake ya simu. Kompyuta ikizimika, kadi hubaki macho. Nikiipigia kwa modemu kutoka Embu, inaitika kwa filimbi, kisha naiona skrini ya kule na kuweza kuwasha mashine upya bila kutoka sebuleni. Majirani walisema huo ni uchawi, nami niliwacheka sana.

Jumapili hiyo akanipigia Kanana, muuguzi wa zamu.

"Stima ilipotea, ikarudi, lakini kompyuta imekataa," alisema. "Screen ya wodi haina kitu. Kuna mama amejifungua na damu haiachi kutoka. Group yake ni ile ya shida kupata, na majina ya wenye hiyo damu yako kwa kompyuta."

"Chumba kifunguliwe basi."

"Karani ameenda matanga Kangeta na funguo. Watchman anagonga mlango na mtaimbo, lakini ni chuma. Si ni wewe ulisema tuweke chuma?"

Ni mimi. Nikaipigia kadi, ikaitika, na skrini ikanionyesha kosa langu jingine: nilikuwa nimesahau disketi ndani ya mashine siku ya Ijumaa. Kompyuta ilikuwa ikijaribu kuamka kwa disketi isiyo na kitu. Niliiwasha upya mara tatu, na mara tatu ikaniambia niitoe. Ningeitoaje, na mimi niko Embu? Niliona huyo mama atakufa kwa uzembe wangu, nikalia.

Laini ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii filimbi haikuja. Ilikuja sauti ya mwanamke kwenye spika ya modemu.

Nielewe vizuri: laini ile haikuwa na simu ya kuongelea upande wa pili. Waya uliingia moja kwa moja kwenye kadi. Nikainua simu yangu, nikaiweka sikioni.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza, kwa Kimeru cha wazee.

Ungesema nini? Nilimtaja nyanya yangu, tuliyemzika nikiwa darasa la tano. "Wa Ciarunji, wa Runyenjes."

"Namjua. Niko naye hapa. Unataka nini, mwanangu?"

Nikamwita nyanya kwa lugha yetu: "Cucu, mbele ya hiyo mashine kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, utoe kinachotokeza."

Nikasikia disketi ikichomoka. Nikakata simu, nikapiga upya, filimbi ikaitika, na kompyuta ikaamka mara moja. Kanana akasoma majina wodini. Mwalimu mmoja akaletwa mbio kutoka Kiirua, akatoa damu, na yule mama akapona.

Kesho yake nilikwenda Meru. Karani alifungua mlango mbele yetu sote, na vyuma vya dirisha vilikuwa sawa. Disketi ilikuwa mezani.

"Tuliacha kugonga," Kanana aliniambia polepole. "Kulikuwa na mtu anatembea huko ndani na patipati miguuni, kama mtu mzee. Watchman hajarudi kazi."

Nikavua kofia. Niliona jinsi ninavyojua kidogo, mimi niliyejiona bingwa.

Tangu siku hiyo siicheki imani ya mtu. Nawe ukipiga simu mahali pasipo na mtu, ukajibiwa, usiulize ni nani. Jitaje, sema ukoo wako, omba unachohitaji. Halafu, nakusihi, usikate kabla ya kushukuru. Mimi nilikata. Nimeipigia laini ile miaka na miaka ili niseme asante tu, na kila mara naitikiwa na filimbi.