Kiapo Huliwa na Mwenye Njaa

Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Kambini aliitwa Ukoko. Wanaodai kujua asili ya jina hilo wako makundi mawili. Kundi la kwanza linasema ni kwa sababu alikuwa mpishi wa kikosi, na askari aliyempendeza alikwanguliwa ukoko wa wali. Kundi la pili, lenye ulimi mchafu zaidi na kwa hiyo ukweli zaidi, linasema ni kwa sababu wenzake wote walioingia naye jeshini walishapakuliwa wakaenda zao, yeye akabaki amegandia chini ya sufuria. Kila mkataba ulipokaribia kwisha alisema "huu ndio wa mwisho", kwa sauti ileile ya mlevi anayeagiza glasi.

Si kwamba alilipenda jeshi. Ugonjwa wake ulikuwa wa kinywa. Miaka ya jikoni ilimfundisha kusema "Ndiyo, afande", na neno "hapana" likamchachia mdomoni kwa kukosa matumizi. Hata alipoleta habari mbaya alianza kwa kukubali: "Ndiyo, afande, wali umeungua, afande."

Safari hii walimpata kwa maharage. Meja, mkuu wa kikosi, alikula sahani mbili, akafuta masharubu, akaagiza mpishi aitwe mezani.

"Koplo," akasema, "mtu anayepika maharage haya akiondoka, mimi nchi nitailinda na nini?"

Maofisa wakacheka. Ukoko akacheka. Alipomaliza kucheka alikuta ameshika kalamu, karatasi ya kuongeza mkataba iko mbele yake, saini yake imekwisha kukaa, na kidole gumba kimeacha alama ya mchuzi pembeni. Wanaotaka kujua majeshi yanavyopata watu wasihangaike na mabango ya barabarani. Wajifunze kumsifia mpishi.

Jumapili akaenda nyumbani kwa ruhusa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilikuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, vipande vya vitambaa chini ya meza, na nyuma ya mlango, kwenye msumari wake peke yake, shati la maua.

Shati lile lilishonwa mwishoni mwa mkataba wa kwanza, ili Ukoko alivae siku ya kurudi uraiani. Hakurudi. Aliongeza mkataba, na tumbo nalo likajiongeza. Mkewe akalifumua shati ubavuni, akalitanua. Mkataba uliofuata, vivyo hivyo. Fundi mwenye akili huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono; fundi aliyeolewa na mpishi wa jeshi huacha cha kutosha kushona shati la pili.

"Inua mikono," mkewe akasema, pini mdomoni. Akamzungushia futi ya kupimia. Akapima tena. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Baba watoto, kitambaa cha akiba kimeisha."

"Si utie kiraka?"

"Shati la kumpokelea mume nitie kiraka? Hapa ndio mwisho. Mwezi ujao unatoka, au hutoki?"

Ukoko akaitazama cherehani kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Kuna kikaratasi nimetia saini," akasema. Wanaume wana imani kwamba kosa likipunguzwa jina, na lenyewe hupungua.

Mkewe hakufoka. Angefoka, ingekuwa nafuu. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Binti yako kaulizwa shuleni baba yake anafanya nini. Unajua kajibu nini? 'Baba yangu anakuja Jumapili.'"

"Nitaifuta hiyo saini, mama watoto."

"Utamwambia nani? Wewe ukiombwa chumvi unatoa na kopo." Akasimama, akalirudisha shati msumarini. "Mimi sigombani. Nikisikia umekula kiapo tena, shati hili nalikata matambara ya kufutia mashine. Basi."

Jumatatu Ukoko akaenda kwa karani wa kikosi, sajini mmoja wa kike aliyejua sheria zote na kumwonea huruma kila aliyekuja kuziuliza.

"Umetia saini, sawa," karani akasema, "lakini mkuu hajatia yake, na wewe hujala kiapo. Ijumaa ndiyo utakula, pale gwarideni, naye atatia saini hapohapo. Kwa sasa huu mkataba ni mchele. Haujawa wali."

"Kwa hiyo naweza kujitoa?"

"Unaweza. Ila umwambie mkuu wa kikosi, kwa kinywa chako mwenyewe."

Ukoko akakuna kisogo. "Hakuna kinywa kingine?"

"Waliotunga sheria hawakuwa wamekutana na wewe, koplo."

Akarudi jikoni kufanya mazoezi. Alisimama kikakamavu mbele ya sufuria kubwa, akaipigia saluti, akaiambia hapana. Aliyemwona ni mpishi msaidizi, askari ambaye angerithi jiko, na ambaye aliitwa Mkaa kwa sababu chakula chake ndivyo kilivyotoka.

"Koplo," Mkaa akauliza, "sufuria imekuomba nini?"

Jumatano akaingia ofisini kwa meja, buti zinang'aa, hapana ikiwa imejipanga nyuma ya meno.

"Umekuja kwa ajili ya Ijumaa?"

"Ndiyo, afande."

"Umejiandaa?"

"Ndiyo, afande."

"Una neno?"

Hapo ndipo penyewe. Ukoko akavuta pumzi. "Ndiyo, afande," akasema.

Meja akalisubiri hilo neno. Halikuja. "Vizuri. Siku hiyo nitakuwa na wageni, utawapikia."

"Ndiyo, afande."

Akatoka na mzigo mkubwa kuliko alioingia nao. Akampigia mkewe simu, akamsimulia yote.

Alhamisi mkewe akaja hadi lango la kambi, akampitishia mfuko chini ya kizuizi. Ndani mlikuwa na shati la maua.

"Kesho livae ndani ya sare," akasema. "Kinywa chako kikisahau, litakukaba."

Ijumaa asubuhi kikosi kikajipanga uwanjani. Ukoko alisimama mbele peke yake, maua yamefichwa chini ya sare, anapumua kwa mkopo. Meja alikuwa na karatasi yenye alama ya mchuzi, na karani kando yake ameshika kalamu.

"Koplo, inua mkono wa kulia."

Ukoko akainua. Kwapani kukatoka sauti ya kuchanika, ndefu, ya kutia mashaka. Sauti ambayo kwa mpishi wa maharage watu huitafutia maelezo mengine. Mstari wa nyuma ukashikwa na kikohozi.

"Nini hicho?" meja akauliza.

"Shati, afande."

"Shati gani?"

"La nyumbani, afande. Limeisha kitambaa."

Meja hakuelewa, na kama ilivyo desturi ya wakubwa wasipoelewa, akaendelea. "Uko tayari kula kiapo?"

Ndiyo ilishaanza kupanda kooni. Lakini shati lilikuwa limekamata kifua, na kwenye ule mpasuko upepo uliingia, ukamkumbusha matambara. Ndiyo ikakwama. Hapana haikuja. Basi kinywa cha mpishi kikaenda kutafuta neno mahali pekee kilipokuwa na maneno yake mwenyewe, yaani mezani.

"Nimeshiba, afande."

Ni neno ambalo mgeni hulisema bila kumtukana mwenyeji, na hakuna kanuni ya jeshi iliyowahi kulikataza.

"Umeshiba nini?"

"Viapo, afande. Nimekula vitatu, na vilikuwa vitamu. Nashukuru. Hiki sitakimaliza, na kubakiza chakula kwenye sahani ni utovu wa adabu."

Meja akamgeukia karani. "Sheria inasemaje?"

"Kiapo huliwa kwa hiari, afande. Hatulishi mtu kwa nguvu."

Meja akaitazama ile alama ya mchuzi kwa muda, kama mtu anayeangalia picha ya marehemu. "Na maharage atapika nani?"

"Mimi, afande," Mkaa akajibu kutoka mstari wa pili. Kikosi kizima kikaguna bila amri.

Meja akaikunja karatasi. "Wageni wa leo, lakini, utanipikia?"

"Ndiyo, afande," akasema Ukoko. Ugonjwa wa miaka hauponi kwa dozi moja.

Mwezi uliofuata alirudi nyumbani na begi lake. Mkewe alilikagua shati, akachukua mkasi, akaikunjua sare ya zamani ya mumewe na kukata kipande.

"Mama watoto, hiyo ni mali ya serikali."

"Na serikali ilikaa na mume wangu, nimeidai?" Akakilinganisha kipande cha kijani na maua. Binti yao alikuwa chini ya meza, anakusanya vifungo, na hakuuliza leo ni siku gani.

"Ulisema hutii kiraka."

"Hiki si kiraka. Ni kitambaa cha akiba. Inua mkono."

"Ndiyo, afande."