Naam Niliyoimeza

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo ni wa punje za mahindi zikidondoka kwenye karai. Ta, ta-ta, ta. Bibi yule alikuwa akipukuchua huku akizungumza, na kila alipofika mahali pa kupumzisha maneno, vidole vyake navyo vilipumzika.

Nilikwenda kumrekodi. Kikundi chetu cha akina mama pale Kibarani kazi yake ni sabuni na mafuta ya nazi, ila mwaka huu tuliamua kukusanya masimulizi ya wazee waliofukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi. Mimi ndiye mdogo kuliko wote, shule niliachia kidato cha pili, na ndoto yangu ni kuwa mtangazaji wa redio. Kuku wa mama yangu wote wameshasikia taarifa ya habari. Basi nilipojitolea kushika simu ya kurekodia, mwenyekiti wetu alicheka mpaka akafuta macho.

"Kazi yenyewe ni ya kunyamaza, mwanangu. Wewe utaiweza?"

Nikaapa nitaiweza.

Mwalimu aliyekuja kutufundisha kurekodi alituwekea kwenye kompyuta filamu ya bibi mmoja Myahudi, aliyenusurika kule Ulaya wakati watu wake walipouawa kwa mamilioni. Shuleni sikuwahi kuyafikia hayo. Mwalimu akitutafsiria polepole, sisi tukilia ndani ya leso zetu. Bibi yule aliwataja watu wa nyumbani kwao mmoja mmoja, na aliyekuwa akimhoji hakusikika hata kukohoa. Mwalimu akatuambia sauti yako ikiingia inaharibu. Mzee akisema, wewe itikia kwa kichwa. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari.

Tukaenda kwenye nyumba ya kuhifadhia wazee, huko bara ya Malindi. Wenzangu wakakaa nje, mimi nikaingia kwa bibi niliyepangiwa. Nikamwamkia, shikamoo hawe, kama tunavyowaita bibi zetu kwetu Wagiriama. Akaitika marahaba, akanipapasa uso kwa kiganja chenye vumbi la mahindi, akauliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado, nangoja mwanamume mwenye kituo cha redio. Akacheka. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama tui.

Kabla sijawasha simu alinieleza anachotaka. Alikuwa na mjukuu wa kike huko Marafa, msichana wa shule, aliyekatazwa hata kumwamkia.

"Yeye ndiye nataka asikie. Ajue siku ile nilijibu nini nilipoulizwa."

Nikawasha. Akaanza na mumewe, walivyofyeka shamba wakiwa vijana. Akaja kwenye kifo chake, na jinsi watoto wa shemeji walivyoanza kuzitazama mvi zake, kisha kuutazama mpaka wa shamba.

Sasa, kwetu mtu mzima akikupa habari humwachi aibebe peke yake. Kila anapotua unamwitikia, naam. Akitua tena, naam. Nililelewa hivyo, nilijua hivyo kabla sijajua kusoma. Na siku ile naam yangu nikaimeza. Alipotua nikatikisa kichwa. Alipotua tena nikatikisa kwa nguvu zaidi, kama mjusi juu ya jiwe.

Akafika kwenye siku yenyewe. Mkutano umeitishwa, yeye amesimamishwa katikati, watoto wake wa kuzaa wamekaa na wanaume wengine. Punje zikakoma.

"Uko?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa mbele ya mtu asiyeona.

"Hata wanangu walinyamaza vivi hivi," akasema, akalisukuma karai kando.

Nilizima simu, nikamshika mikono, nikamweleza habari za mwalimu na sauti safi, maneno yakinitoka mbio mbio. Hakukasirika. Aliniambia hapana ubaya, ila kwa leo maneno yamerudi ndani, nije siku nyingine. Tukaahidiana mwezi ukiandama. Nikamnunulia leso, kwa sababu yake niliiona imechanika pembeni.

Hatukuwahi. Mwenyekiti alipigiwa simu tukiwa tunakata sabuni. Akasikiliza, akaweka kisu chini, na mimi nikajua hawe ametutoka kabla hajanigeukia. Leso bado iko kwenye mfuko wake wa dukani.

Mwalimu aliposikiliza rekodi alinisifu. Safi kabisa, alisema, sauti yako haimo. Nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka waliponiita.

Mwenyekiti ameamua mjukuu apelekewe hivyo hivyo Jumamosi, angalau aisikie sauti ya bibi yake. Lile jibu halimo. Hakuna anayelijua ila waliokuwa kwenye mkutano ule, na hao hatuwezi kuwauliza.

Jana mchana wenzangu walipokwenda sokoni nilibaki peke yangu kwenye chumba cha sabuni. Nikarudishia mlango, nikaiweka simu mezani, nikabonyeza. Alipotua mara ya kwanza nikasema, "Naam, hawe." Punje tatu zikadondoka, akaendelea. Nikamwitikia hivyo, kituo kwa kituo, na alipouliza, "Uko?" nikamwambia niko.